Kathinoni, kiherehere na swali ambalo mpwa wangu hakuulizwa

Ukitoka Gilgil ukielekea Nakuru, kuna mahali barabara inapoanza kuteremka na Ziwa Elementaita linakutokea ghafla mkono wa kushoto, jeupe pembezoni kwa magadi. Mkono wa kulia, nyuma kidogo ya barabara, ndiko Kariandusi. Wengi wanapajua kwa sababu ya makavazi madogo yanayohifadhi mashoka ya mawe yaliyogunduliwa na kikosi cha Louis Leakey mwishoni mwa miaka ya 1920. Wengine wanapajua kwa machimbo ya diatomaiti, ule udongo mweupe kama unga unaotokana na mabaki ya viumbe vidogo mno vya majini. Mimi napajua kwa sababu ndiko ninakoishi, na kwa sababu nyingine ambayo ndiyo chanzo cha makala haya.

Usiku mmoja, mwaka juzi, simu yangu ililia saa saba na nusu. Alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, dereva wa trela kati ya Mombasa na Malaba.

"Anko, uko kwa nyumba? Si ukuje hapa kwa barabara. Roho inapiga vibaya. Naiskia mpaka kwa masikio."

Nilimkuta ameegesha kando, taniboi wake amesimama nje na tochi mkononi, haelewi afanye nini. Tulimpeleka kwenye kituo cha afya ambacho sitakitaja. Muuguzi wa zamu, binti mpole na aliyechoka, alimpima mapigo ya moyo kwa dakika moja nzima, akaandika 128. Kisha akaanza kusoma maswali kutoka kwenye fomu ya Kiingereza huku akiyatafsiri papo kwa papo. Ana kisukari? Hapana. Ana presha? Hajui. Huwa anapata palpitesheni? Hapo tafsiri ilimkwama, akalisoma neno lilivyo. Mpwa wangu alinitupia jicho, kisha akasema hapana. Anatumia dawa za kulevya?

"Hapana, sista."

Alipimwa malaria, hakuwa nayo. Akapewa vidonge vya kutuliza maumivu, akaambiwa huenda ni mawazo mengi, aende apumzike. Kufikia alfajiri moyo ulikuwa umetulia wenyewe. Nilipomsindikiza hadi kwenye lori kuchukua koti lake, nikaona chini ya kiti majani ya mgomba yaliyokunjuliwa na lundo la vijiti vilivyochunwa maganda. Nikamuuliza kwa nini alimdanganya muuguzi.

"Kumdanganya aje? Ameniuliza drugs. Hii si drugs, Anko. Hii ni miraa."

Nimelitafakari jibu hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Sikubaliani nalo, lakini kila nikijaribu kuliita uongo nashindwa. Kijana aliulizwa maswali mawili, akayajibu yote kwa moyo safi, na jambo lenyewe lililompeleka pale likapita katikati ya maswali hayo kama maji kwenye chujio. Nikaona ni heri nitafute jambo hilo lilikotoka.

Tuanze na majina, maana hii ni safu ya lugha. Miraa ni neno la Kimeru lililokubalika kote nchini. Watanzania na baadhi ya watu wa pwani husema mirungi, na Waganda mairungi. Muguka ni jina kutoka Embu na Mbeere, ambako hutafunwa majani machanga badala ya maganda ya vijiti. Wasomali husema qaad, Waarabu qat, Waethiopia chat. Vijana wetu nao hawakubali kuachwa nyuma: kuna veve, kuna gomba (nadhani kwa sababu ya majani ya mgomba yanayofungiwa vitita), kuna jaba. Hili la mwisho limeshapanda cheo, kwani siku hizi maneno ya ovyo huitwa stori za jaba hata kama msemaji hajatafuna chochote. Na ile hali inayotafutwa katika kutafuna huitwa stimu, au handasi, kana kwamba mlaji amegeuka mhandisi wa fikira zake.

Tazama majina yote hayo. Yanatoka shambani, sokoni na kwenye baraza. Hakuna hata moja linalogusa moyo, yaani kile kiungo kilicho kifuani. Msamiati wetu wa miraa ni msamiati wa raha, wa biashara na wa urafiki, na hilo si kosa. Kule Igembe kitita maalumu hupelekwa katika posa, na wazee hukitumia katika kupatana. Ila mtu akiwa na maneno ya raha peke yake, siku raha inapogeuka atakosa la kusema.

Mmea wenyewe una historia ndefu kuliko mipaka yetu. Tarehe ya vita vya Amda Seyon, mfalme wa Ethiopia wa karne ya 14, inaitaja chat. Huko Harar, Mwingereza Richard Burton aliikuta ikitafunwa alipofika mwanzoni mwa mwaka 1855. Lakini jina la kisayansi lilikuja kwa njia ya msiba. Mwaka 1761 mfalme wa Denmark alituma wataalamu kwenda Uarabuni, na miongoni mwao alikuwa Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus aliyezaliwa Helsinki. Forsskål aliuchunguza mmea huo Yemen, akauandika, kisha akafa kwa malaria mjini Yerim mwezi Julai 1763. Wenzake nao wakafa mmoja baada ya mwingine hadi akabaki Carsten Niebuhr peke yake. Niebuhr alirudi na karatasi za marehemu, akazichapisha mwaka 1775. Ndiyo maana hadi leo jina kamili la miraa katika vitabu vya mimea, Catha edulis, mara nyingi hufuatwa na kifupi cha jina la Forsskål. Kijana wa miaka 31 aliyezikwa ugenini bado anatajwa wataalamu wanapoandika juu ya vijiti vya Maua na Laare.

Wanakemia walichelewa kwa karne nzima. Mwaka 1887 Flückiger na Gerock walipata ndani ya majani kitu walichokiita katini. Mwaka huohuo, Berlin, Mromania Lazăr Edeleanu alitengeneza maabarani kemikali ambayo baadaye dunia iliijua kwa jina la amfetamini. Hakuna aliyejua wakati ule kwamba vitu hivyo viwili ni ndugu. Mwaka 1930 Wolfes alithibitisha kwamba majani yana kathini, kemikali iliyo karibu sana na efedrini ya dawa za mafua. Kathini inachangamsha, lakini kwa unyonge. Haikuweza kueleza kwa nini mlaji wa miraa mbichi hukesha akitunga mipango ya kujenga ghorofa ilhali anayetafuna majani makavu haoni kitu.

Jibu lilipatikana mwaka 1975, pale maabara ya Umoja wa Mataifa ya kuchunguza mihadarati ilipochambua majani mabichi na kupata kathinoni. Hii ndiyo yenyewe. Ukiilinganisha na amfetamini, tofauti ni ndogo ajabu: mahali ambapo amfetamini ina haidrojeni mbili, kathinoni ina oksijeni moja. Ni kama maneno mawili yanayotofautiana kwa herufi moja. Na kathinoni haina subira. Jani likinyauka, inageuka kuwa kathini na norefedrini, zile nyonge. Kwa hiyo wale wanakemia wa mwanzo, waliokuwa wakiletewa majani yaliyokauka njiani kutoka Yemen, walikuwa wakichunguza maiti.

Hapa ningependa msomaji asimame kidogo kando ya barabara. Yale magari ya miraa yanayoruka kutoka Maua kana kwamba yanafukuzwa, yale majani ya mgomba yenye unyevunyevu, ndege zilizokuwa zikingoja Uwanja wa Wilson, mkulima anayevuna asubuhi na mlaji wa Eastleigh anayeila mchana wa siku hiyohiyo: mbio zote hizo zinatokana na oksijeni moja isiyotulia. Wafanyabiashara waliijua tabia hiyo miaka mingi kabla ya maabara, ila hawakuwa na jina lake. Molekuli inayoufanya moyo wa mlaji ukimbie ndiyo hiyohiyo inayomfanya dereva wa gari la miraa akimbie.

Kathinoni ni ya jamii ya kemikali zinazoitwa kwa Kiswahili cha kisasa amini. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniuliza kama ndiyo ile amini ya mtu mwaminifu. La, si hiyo. Ile ya uaminifu tumeipata kwa Waarabu. Amini ya wanakemia imetokana na amonia, na amonia ilipata jina kutokana na chumvi iliyohusishwa na hekalu la mungu Amuni katika jangwa la Misri. Maneno mawili, njia mbili, yakakutana katika Kiswahili yakiwa yamevaa nguo moja. Si mara ya kwanza wala ya mwisho, na wanaotaka tubuni neno jingine kwa hofu ya mkanganyiko nawaomba wangoje kwanza wamwone mtu mmoja tu aliyekanganyikiwa kwa dhati.

Mwaka 1910, huko London, George Barger na Henry Dale walichapisha uchunguzi wa amini nyingi, moja baada ya nyingine, wakaonyesha jinsi zinavyopandisha shinikizo la damu na kuiga kazi ya neva zile ambazo Wazungu wanaziita kwa neno lenye maana ya kuhurumiana. Ukilitafsiri neno hilo sisisi utapata neva za huruma. Jina hilo ni la zamani mno, la wakati tabibu Galen na wafuasi wake walipodhani viungo vya mwili husikitikiana. Mtu anapofukuzwa na nyati, neva hizi ndizo hutanua mboni za macho, hukausha mate na kuuharakisha moyo. Zinafanya kazi kwa kumwaga kemikali iitwayo noradrenalini, nayo ni amini pia. Ufunguo ukifanana vya kutosha na ufunguo mwingine, kufuli hudanganyika.

Lakini kathinoni haifungui kufuli yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Peter Kalix, mtafiti wa Geneva, alichukua vipande vya moyo wa sungura, akavijaza noradrenalini iliyotiwa alama ya mnururisho, kisha akavimwagia kathinoni. Noradrenalini ikatoka kwa wingi. Maana yake ni kwamba kathinoni inaingia ghalani na kuwatoa nje watumwa waliokuwa wamelala. Moyo unapokea ujumbe wa nyati ilhali hakuna nyati. Dereva amekaa kitako, barabara ni tupu, mwezi unawaka juu ya Elementaita, na moyo wake unakimbia kwa niaba ya mtu anayefukuzwa.

Na sisi tulikuwa wapi katika historia hii? Swali hili huwa nawauliza wanafunzi, na wengi hudhani jibu ni kwamba tulikuwa tukilima tu. Si kweli. Mwaka uleule wa 1975, C. K. Maitai na Mugera walichapisha katika jarida la kimataifa la sayansi ya dawa utafiti wao juu ya namna kiini cha miraa kinavyotolewa mwilini kwa mkojo wa binadamu. Waliandika jina miraa kwenye kichwa cha makala, bila kulionea haya. Baadaye A. N. Guantai na Maitai wakaripoti jinsi mwili wa binadamu unavyoigeuza kathinoni. Kazi hiyo ilifanywa hapahapa, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakati ambapo nchi nyingi za Ulaya zilikuwa bado hazijui miraa ni nini.

Kuna jambo jingine ambalo wapenda majina hawana budi kulifurahia. Katika miaka ya 1980 Rudolf Brenneisen na wenzake wa Uswisi walipokuwa wakichambua miraa kutoka sehemu mbalimbali, walikuta katika ile ya Kenya kemikali za jamii hiyohiyo ambazo hazikuwa zimewahi kuelezwa. Wakazipa majina: merukathini na merukathinoni. Ndiyo, Meru yenyewe, imo ndani ya jina la kemikali. Tunalalamika kila siku kwamba sayansi haina lugha zetu, na hapa pana kilima chetu katika orodha ya molekuli, na sijawahi kukutana na mwalimu wa kemia katika kaunti hii anayelitaja darasani. Watafiti haohao walipima sampuli 22 kutoka Kenya, Ethiopia, Yemen na Madagascar, wakapata kwamba gramu 100 za majani mabichi zina, kwa wastani, miligramu 36 za kathinoni na 120 za kathini.

Sasa moyo. Mwaka 1990 kikosi cha Brenneisen na Kalix kilichapisha jaribio lililohusisha watu sita wenye afya. Kila mmoja alipewa kathinoni siku moja na siku nyingine kitu kisicho na dawa, bila yeye wala mpimaji kujua ni ipi. Shinikizo la damu na mapigo ya moyo vilipanda sambamba na kuonekana kwa kathinoni katika damu. Sita ni wachache, wala sisemi wanatosha kuhukumia mkoa mzima, ila uzuri wa jaribio hilo ni kwamba halikuchanganya kathinoni na kahawa, sigara, soda wala usingizi uliokosekana. Jaribio jingine la 1994, safari hii kwa majani yenyewe, lilionyesha kwamba kathinoni hufikia kilele katika damu baada ya kama saa mbili. Kutafuna ni polepole, na hapo ndipo penye kinga na penye mtego. Kinga kwa sababu mtu hawezi kujipiga dozi kubwa kwa mpigo mmoja. Mtego kwa sababu aliyeanza kula Naivasha hajui moyo wake utakuwa wapi akifika Nakuru na kuendelea.

Kazi kubwa zaidi ilifanywa na Wayemeni, na ni haki yao, kwani alasiri ya kutafuna kule ni kama chai kwetu. Mwaka 2000 Hassan na wenzake waliripoti juu ya watu 80 wenye afya waliotafuna kwa saa tatu. Mapigo na shinikizo la damu viliendelea kupanda muda wote huo, na saa moja baada ya kutema vilikuwa bado havijarudi vilikoanzia. Baadaye wakajaribu kuwapa watafunaji dawa ya atenololi, ambayo huziba kufuli za moyo zinazopokea noradrenalini. Moyo haukukimbia tena kama awali. Dawa ya kuziba kufuli za aina nyingine haikufanya hivyo. Kwa maneno mengine, walikuwa wameufuata ujumbe wa nyati hadi kwenye mlango wenyewe unaobishwa.

Utafiti ulionikaa zaidi akilini ni wa Ahmed Al-Motarreb wa Sana'a. Kwa kawaida mshtuko wa moyo duniani huwapata watu wengi zaidi nyakati za asubuhi. Mwaka 2002 yeye na wenzake walionyesha kwamba kwa watafunaji saa imehama: wengi walishikwa kati ya saa nane mchana na saa sita usiku, yaani kuanzia baraza inapokaa hadi inapovunjika. Mwaka 2005 wakalinganisha wagonjwa 100 wa mshtuko wa moyo na watu wengine wasio na ugonjwa huo, na hatari ilizidi kadiri mtu alivyokuwa mlaji mkubwa. Kwa waliokula kupita kiasi waliikadiria kuwa mara 39. Tarakimu hiyo ya 39 ni ya kushikwa kwa uangalifu, kwa sababu makundi madogo huzaa tarakimu kubwa. Ila saa haisingizii. Mwili wa Sana'a ulikuwa umepangiwa ratiba mpya na jani.

Ningekuwa nimemaliza kama isingekuwa sheria, maana sheria ndiyo iliyomjibu muuguzi usiku ule kwa mdomo wa mpwa wangu. Wakoloni walijaribu kuizuia miraa katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, hasa Isiolo na wilaya za kaskazini, wakashindwa. Katika miaka ya 1980 kathinoni iliingizwa katika orodha kali kabisa ya mkataba wa kimataifa wa 1971 unaodhibiti kemikali za kuathiri akili. Mmea wenyewe haukuingizwa, na mwaka 2006 kamati ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani ilisema hakuna haja. Uholanzi ikaupiga marufuku Januari 2013. Washauri wa serikali ya Uingereza wakashauri usipigwe marufuku, serikali yao ikaupiga hata hivyo, kuanzia Juni 2014. Miaka miwili baadaye, 2016, sheria ya Kenya ikautambua kuwa zao la biashara. Mei 2024 gavana wa Mombasa akapiga marufuku muguka, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, na mahakama kuu ya Embu ikasimamisha marufuku hiyo. Kemikali haramu kimataifa, imo ndani ya jani halali nchini, lililopigwa marufuku pwani kwa siku chache. Mwambie dereva wa trela alieleze hilo saa nane za usiku mbele ya fomu!

Kwa hiyo sikuona haya kumwomba msamaha mpwa wangu. Neno la kulevya linatokana na ulevi, nao mlevi kwetu ni mtu anayeyumba. Mla miraa hayumbi. Anakaa wima, anaongea kwa ufasaha, anaona mbali. Ukimwuliza kama anatumia cha kulevya umemwuliza kuhusu mtu mwingine. Wapo wanaopendekeza kichangamshi, wengine kichocheo. Yote mawili ni mazuri katika kitabu, ila mgonjwa hali kichocheo. Anakula miraa, muguka, jaba. Aulizwe hivyo.

Na ile palpitesheni je? Kiswahili hakina umaskini hapa. Moyo hudunda, hupiga, hupapa, huenda mbio. Kamusi zetu zinalo kiherehere, ambalo maana yake mojawapo ni hali hiyo hasa ya moyo kupapa, ingawa siku hizi tunalitumia zaidi kumsuta anayejipeleka mbele bila kuitwa. Lipo jakamoyo. Tatizo ni kwamba maneno haya yote yana miguu miwili, mmoja mwilini na mmoja katika hisia. Mwenye kiherehere anaweza kuwa anaumwa au anaogopa. Kiswahili cha barabarani ndicho kimezidi: tunasema roho inapiga, na mtu mwenye wasiwasi tunasema yuko roho juu. Ukimwambia muuguzi aliyechoka kwamba roho inapiga, si ajabu akasikia mawazo. Madaktari wanalo takikadia, kwa moyo wa mtu mzima unaopita mapigo 100 kwa dakika akiwa ametulia. Neno hilo linatisha hadi ulichambue: kwa Kigiriki ni kasi na moyo, basi. Wagiriki walisema tu kwamba moyo unakwenda mbio, jambo alilolisema mpwa wangu kwenye simu.

Nilikaa chini nikaandika maswali manne kwa Kiswahili cha kawaida, kwenye karatasi moja. Moyo wako unapigaje: unadunda, unapapa, au unaruka pigo? Tangu jana umekula miraa, muguka au jaba? Ulianza saa ngapi, na umekula vitita vingapi? Ulikunywa nini pamoja nayo, kahawa, soda au kile kinywaji cha kopo cha kuongeza nguvu? Nikaipeleka kule kituoni bila kiherehere cha kumfundisha mtu kazi yake. Yule binti aliisoma, akacheka alipofika kwenye jaba, akaibandika ukutani juu ya mizani.

Miezi mitatu hivi baadaye mpwa wangu alipita tena na moyo uleule. Safari hii nilikaa nje, nikawa nasikia kupitia dirishani.

"Umekula miraa?"

"Eeh, sista. Kidogo tu."

"Kidogo ni ngapi?"

Pakawa kimya. Nilimwona akihesabu kwa vidole, Mtito Andei, Mlolongo, Naivasha, akiitaja miji badala ya vitita. Binti akaandika, akampima tena mapigo, kisha akampa barua ya kwenda Nakuru kupigwa kile kipimo cha umeme wa moyo, na akamwambia lori libaki palepale hadi asubuhi.